Kukaza mpini na kuvuta kifyatulio: mkono wa mlenga shabaha unafanya nini?

Anayeshika bastola ya mashindano kwa mara ya kwanza huishika kama aliyepewa kamba kisimani akaambiwa asiiachie. Vidole vinakakamaa, ncha ya mtutu inatetemeka, risasi inakwenda chini ya alama. Papo hapo anaanza kulaumu macho yake. Mara nyingi macho hayana kosa. Kosa liko katika kazi mbili ambazo mkono mmoja unatakiwa uzifanye kwa pamoja: kukaza mpini na kuvuta kifyatulio.

Chukua mchezo wa Olimpiki wa bastola ya hewa, mita 10. Mchezaji husimama na kulenga kwa mkono mmoja tu, bastola isiyozidi kilo 1.5, risasi ya milimita 4.5. Duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba cha mtu mzima. Mkono wa binadamu hautulii kabisa, hata wa bingwa. Swali la maana ni hili: unahama vipi?

Mkono mzima ukisogea milimita moja kulia, bastola ikiwa bado imenyooka, risasi nayo husogea milimita moja tu. Haina madhara. Lakini bastola ikipinda, hesabu inabadilika. Tuseme kutoka mwanya wa kulengea ulio nyuma ya bastola hadi ncha ya kulengea iliyo mbele, juu ya mtutu, ni sentimita 33. Ncha hiyo ikihama milimita moja ndani ya mwanya, kule mita 10 risasi inahama takribani sentimita 3. Uliyekuwa katikati ya 10 umeangukia 7. Ndiyo maana mlengaji mzuri huvumilia bastola inayoelea polepole mbele ya shabaha, lakini havumilii ncha inayopinda. Na kinachoipinda, karibu kila mara, ni vidole.

Kukaza mpini, basi, maana yake si kubana kwa nguvu. Ni kushika kwa kiwango kilekile tangu bastola inapoinuliwa mpaka baada ya risasi kutoka. Ili kupata kiwango chako, bana mpini mpaka mkono uanze kutetemeka, kisha legeza kidogo kidogo mpaka mtetemo uishe. Hapo ndipo pako. Kidole cha kati na cha pete ndivyo vinavyobeba kazi, vikivuta mpini moja kwa moja kuelekea kiganjani. Kidole gumba na cha mwisho vinakaa tu, maana vikianza kubana vinasukuma bastola pembeni au chini.

Sasa kidole cha shahada. Misuli mikubwa inayokunja vidole haipo kwenye vidole vyenyewe. Iko kwenye kigasha, nayo huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kifundo cha mkono. Majirani hao wamezoea kufanya kazi pamoja. Ukikunja kidole kimoja kwa ghafla, vingine navyo vinakaza. Mkono unakamua, kama unavyokamua ng'ombe au limau. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matokeo yake ya kawaida ni risasi kwenda chini kushoto, na ukiona matundu yamejikusanya huko, usikimbilie kurekebisha vifaa vya kulengea. Chunguza mkono kwanza.

Kudhibiti kifyatulio ni kukitenganisha kidole hicho na wenzake. Kinakaa na nafasi yake, kisiguse ubavu wa mpini, na kinarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Shinikizo linaongezwa taratibu bila kusimama. Bastola nyingi za hewa zina hatua mbili: kwanza kifyatulio kinasogea kwa wepesi, halafu kinagonga ukuta mdogo, yaani kinakuwa kigumu ghafla. Kwenye ukuta huo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanasubiri ncha itulie kisha wananyakua. Anayejua anaendelea kuongeza uzito huku akitazama ncha, na sekunde hasa ya mlio haichagui yeye.

Sheria inataka kifyatulio cha bastola ya hewa kihimili uzito wa angalau gramu 500 bila kufyatuka. Cha bastola ya mita 25, gramu 1,000. Linganisha na bastola ya kazi ya polisi na askari kama Glock 17: bila risasi wala kibebeo chake cha risasi ina takribani gramu 630, lakini kifyatulio chake kinahitaji zaidi ya kilo mbili. Nguvu ya kidole inazidi uzito wa chombo chenyewe mara tatu na zaidi, hivyo hata sehemu ndogo ya nguvu hiyo ikienda pembeni, bastola inageuka. Hapo mkono wa pili ni msaada mkubwa, kwani unabeba sehemu ya kukaza na kuuacha mkono wa kufyatulia uwe mwepesi.

Jambo hili hufundishika, na ushahidi ninaoupenda ni wa Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938 bomu la mkono liliuharibu mkono wake wa kulia, ule wa kulengea. Akajifunza upya kwa kushoto, kidole kwa kidole, akashinda dhahabu ya Olimpiki ya bastola ya kasi London mwaka 1948, na tena Helsinki mwaka 1952.

Mazoezi yenye faida kubwa hayatumii risasi hata moja. Hakikisha mara mbili kwamba bastola ni tupu, lenga ukuta mweupe usio na alama yoyote, kisha vuta kifyatulio ukitazama ncha peke yake. Ikiruka kinapolia "tik", mkono umekamua. Ikibaki katikati ya mwanya, vuta tena.