Viti 60,000 havitoshi kuandaa AFCON

Tangu CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mwezi Septemba 2023, vijiweni kuna hoja moja isiyokufa: Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam unabeba watu 60,000, kwa hiyo sisi tayari.

Ukubwa si tija. Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho, mashindano ya klabu za Afrika, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mechi ya marudiano haikuchezwa kwa Mkapa; ilihamishiwa Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo kuliko huo mara kadhaa. Sababu? Nyasi. Eneo la kuchezea halikuwaridhisha wakaguzi wa CAF, na viti vyote vile havikusaidia kitu.

Wakenya walishayaonja haya. Kasarani, uwanja wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ulipofungwa kwa ukarabati, Harambee Stars, timu yao ya taifa, ilikwenda kucheza mechi zake za "nyumbani" Lilongwe, Malawi, Juni 2024. Nyumbani gani huko!

Mkaguzi huangalia pia vyumba vya kubadilishia nguo, taa, chumba cha matibabu, milango ya dharura, sehemu ya wanahabari. Halafu timu ni 24, na kila moja inahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Ndiyo maana Arusha, na Hoima kule Uganda, zilipangiwa viwanja vipya, na Nairobi ikaamua kujenga uwanja wa Talanta, ingawa Kasarani ipo palepale.