Kunyoa hakuongezi nywele

Wengi huamini kwamba nywele zinazopukutika zikinyolewa zote zitaota nene zaidi. Si kweli. Wembe hukata sehemu isiyo na uhai. Unywele huzaliwa kwenye shina, milimita kadhaa chini ya ngozi, na huko wembe haufiki. Kinachodanganya ni ncha. Unywele usiokatwa huchongoka mwishoni, uliokatwa huwa butu, ndiyo maana ukipitisha kiganja siku ya tatu unakwaruza. Unene ni uleule.

Imani hii hupata nguvu kwa sababu nyingine pia. Baada ya kujifungua au homa kali, nywele hudondoka kwa wingi miezi 2 hadi 3 baadaye, kisha hurudi zenyewe. Aliyenyoa katikati ya kipindi hicho huusifu wembe bure.

Tafadhali tafuta kwanza chanzo cha nywele kupukutika. Upara wa kurithi hupakwa minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, kila siku kwa miezi 4 hadi 6 kabla ya kuona matokeo, na ukiacha, faida hupotea. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka haipenyi hadi kwenye shina. Nywele za ukingo wa paji la uso zilizong'oka kwa misuko ya kukaza hurudi ukiilegeza mapema, kabla kovu halijaziba vitundu vya nywele.