Mabaharia Vijana na Mashindano ya Masafa Marefu: Yanayoaminiwa na Ukweli Wake

Timu ya vijana inayojiandaa kwa mashindano ya matanga ya siku kadhaa bahari kuu haikosi nguvu wala ari. Inachokosa mara nyingi ni mazoezi ya mambo yanayoonekana madogo bandarini.

"Sisi vijana, kukesha si tatizo."
Usingizi hauchagui umri. Kosa la kawaida hutokea jioni ya kwanza: kila mtu ana hamu, wote wanabaki sitahani, na usiku wa pili timu nzima inachoka kwa pamoja. Hapo ndipo dira inaposomwa vibaya na kamba kufungwa ovyo. Zamu zianze saa ileile boti inapovuka mstari wa kuanzia, kwa mfano muda wa saa 4 kazini na muda wa saa 4 kitandani. Usiku wa baridi kali, saa 3 zinatosha. Asiye na usingizi alale hivyo hivyo, macho yamefumbwa. Anayepokea zamu aamshwe dakika 20 kabla, avae, anywe kitu cha moto. Taa za ndani ziwe nyekundu, kwa kuwa macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe huyarudisha mwanzo.

"Jaketi okozi linalojijaza lenyewe halina kazi ya ziada."
Hapa tusiharakishe. Mtungi mdogo wa gesi hulegea kwa mitikisiko ya kila siku, na jaketi lenye mtungi uliolegea huenda lisijae hata likizama majini. Ufungue, uupime kwenye mizani, ulinganishe na uzito uliochongwa juu yake, kisha uukaze kwa mkono. Jaketi lijazwe kwa mdomo na kuachwa usiku kucha, likinywea, halifai. Angalia pia tarehe ya kifyatuzi, yaani kifaa kinachoifungulia gesi. Mikanda ya kupita katikati ya mapaja, ambayo vijana wengi huikunja kwa kuona inasumbua, ndiyo inayozuia jaketi kupanda hadi masikioni na kuuacha mdomo usawa wa maji.

"Ukishajifunga kamba ya usalama, uko salama."
Inategemea urefu. Kamba ya mita 2 inaweza kukuruhusu kuanguka nje ya ubavu, na anayeburutwa na boti iendayo noti 7 (maili 7 za baharini kwa saa) anaweza kuzama akiwa bado amefungwa. Tumia kamba fupi ya mita 1 kila inapowezekana, uifunge upande wa joshini, yaani unakotoka upepo. Utepe wa kujifungia unaotandazwa kutoka omo (mbele ya boti) kuelekea tezi (nyuma) upite karibu na katikati ya sitaha, uishie kabla ya kufika tezini. Kagua pia ndoano: ikinasa chini ya chuma na kuvutwa kwa upande, inaweza kupinda na kufunguka. Jifunge kabla hujatoka mlangoni, si baada ya kufika nje.

"Tanga hupunguzwa upepo ukishakuwa mkali."
Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kutoka noti 15 hadi 21, msukumo kwenye tanga unakaribia kuwa maradufu. Wakati mnajadiliana kama mpunguze, kazi imeshakuwa ngumu. Fanyeni zoezi la kupunguza tanga gizani, kila mtu akijua ni nani anayelegeza henza (kamba ya kupandishia tanga) na nani anayefunga.

"Dawa ya kichefuchefu humezwa ukianza kutapika."
Wakati huo tumbo haliipokei tena. Imezwe mapema, kwa wengine tangu usiku wa kuamkia safari, na ijaribiwe nchi kavu kwanza kwa sababu baadhi huleta usingizi.

"Boti ikipigwa sana na dhoruba, hamia boti la mpira la kuokolea."
Katika mashindano ya matanga ya Fastnet ya 1979, yaliyokumbwa na dhoruba, mabaharia 15 walikufa. Boti 24 ziliachwa, na nyingi kati yake zilikutwa baadaye zikielea. Boti la mpira ni la pale boti yenyewe inapozama au kuungua.

"Nahodha mwenye uzoefu anatosha."
Kwa mashindano ya mbali na pwani, kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa matanga, hudai angalau asilimia 30 ya timu, nahodha akiwemo, wawe na mafunzo ya kujiokoa. Sisi tunaona ni kidogo mno kwa vijana. Anayeanguka baharini anaweza kuwa nahodha mwenyewe. Basi kila mmoja, hata mdogo kuliko wote, aweze kubonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali kwenye GPS, kutupa boya, kumnyooshea aliyeanguka kidole bila kumwondolea macho, kugeuza boti, na kuita msaada kwenye chaneli 16 ya redio ya VHF.