Tuktuk inayong'ata, na chaja iliyotakiwa irudi kiwandani

"Fundi, tuktuk inaning'ata."

Ndivyo alivyonianza dereva mmoja wa Kongowea, Mombasa, asubuhi ya mvua. Usiku alikuwa ameichaji betri ikiwa bado ndani ya tuktuk. Alfajiri, chaja ikiwa bado imechomekwa ukutani, akashika nguzo ya tuktuk, vidole vikafa ganzi. Alikuwa amevaa ndara za mpira, na hizo ndizo nadhani zilizomwacha hai. Yeye lawama zote aliitwika betri. Betri haina kosa: ya volti 12 ikijaa inasimama kwenye 12.6 au 12.7, ikiwa kwenye chaji inafika 14 na ushei, na ngozi kavu haizisikii volti hizo. Kilichomng'ata ni stima ya ukutani, volti 240.

Ndani ya chaja za kizamani, zile nzito, mna transfoma yenye koili mbili. Moja inapokea 240, ya pili inatoa volti chache za betri, na baina yao haipiti waya, inapita sumaku tu. Insulesheni ya katikati ikipasuka, au waya wa moto ukilegea na kugusa kasha, 240 inatafuta njia. Kazi ya waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini, ni kuipa njia hiyo, fyuzi ikatike papo hapo. Ethi ikiwa haikufungwa, fyuzi haina habari. Ya 13A inalinda waya usiungue, ilhali mtu anaweza kuuawa na miliampea 30 tu zikipita kifuani. Na gari limekaa juu ya mipira, kwa hiyo stima iliyopanda kupitia vibanio vya chaja vinavyoshika betri inabaki bodini, inamngoja mtu aliyesimama chini kwenye maji.

Kasoro za namna hii ndizo zinazofanya viwanda vya ng'ambo vitangaze chaja zirudishwe. Tangazo hutaja modeli na namba za toleo, na kuwaambia wenye chaja waache kuzitumia. Lakini linamfikia aliyenunua dukani, mwenye risiti. Sisi tunazipata ndani ya kontena la mitumba, boksi halipo, lebo imekwanguliwa. Kwa hiyo kuitafuta modeli mtandaoni ni vizuri, ila kutoiona kwenye orodha kusikutie usingizi.

Mimi napima. Chaja ikiwa nje ya soketi, naweka multimita kwenye ohimu, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, ndiyo ya ethi, nyingine kwenye chuma cha kasha, penye chuma kitupu si penye rangi. Inatakiwa isome chini ya ohimu moja. Kisha naunganisha pini mbili fupi, napima kati yake na vibanio kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500. Ikisoma chini ya megaohimu moja, hiyo si chaja tena. (Yenye alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwenzake, haitumii ethi, hivyo kipimo cha kwanza hakiihusu.) Hewa yetu ya chumvi inaweza kuifanya hata chaja isiyo na kosa la kiwandani ishindwe kipimo hiki.

Chaja za Japani zimetengenezwa kwa volti 100. Usizichomeke, basi.

Na vibanio hufungwa kabla ya kuwasha swichi, hutolewa baada ya kuzima, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche moja yatosha kuilipua.

Chaja ya yule dereva nilipoifungua, ndani ethi ilikuwa imefungwa barabara. Ila plagi ilikuwa ya pini mbili: mtu aliikata ya asili, ethi akaikunja ndani ya tepu. Kiwanda kilikuwa hakina hatia.

"Nani alikufungia hii?"

"Si wewe, fundi, mwaka juzi?"

Hapana, haikuwa mimi. Lakini niliiangalia ile tepu mara mbili.