Kurudi maana yake nini?

Makanisani kwetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, neno hili linaweza kumchanganya mgeni. Wakisema fulani "amerudi nyuma", maana yake ameacha imani: haonekani tena ibadani, pengine pombe imemchukua. Miezi miwili baadaye fulani huyohuyo anasimama mbele ya watu, akina mama wanapiga vigelegele, kwa sababu "amerudi".

Asili yake ni Kiarabu, radd: kurudisha, kuzuia kitu kisiendelee kwenda kilikokuwa kinakwenda. Ndiyo maana Kiswahili kina "kumrudi mtoto", yaani kumwadibu. Vijana wengi hawaijui maana hiyo. Wakisoma Waebrania 12:6, "yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi", wanadhani Bwana anamfuata tena mtu aliyemwacha. Sivyo, hapo ni kiboko. (Ila kosa lao silichukii.)

Halafu kuna kurudia. Mtu wa pwani ukimwambia "rudia", atasema tena neno alilosema. Hapa kwetu "narudia" ni naenda zangu nyumbani. Kwa hiyo Malaki 3:7, "Nirudieni mimi, nami nitawarudia ninyi", mtu wa Goma anaisikia kama maneno ya safari: huyu anatoka huku, yule anatoka kule. Majirani zetu Waislamu wanalo jambo hilohilo ndani ya neno toba. Linatokana na kitenzi cha Kiarabu kinachomaanisha kurudi, na Kurani inakitumia kwa mja anayerudi kwa Mungu na kwa Mungu anayempokea mja wake. Penye msiba nao husema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaofundisha kwamba kutubu ni kujuta tu. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 angeweza kujuta palepale kwa nguruwe mpaka afe. Alizingatia moyoni kwanza, kweli, lakini akaondoka. Baba naye hakungoja mlangoni. Alimwona angali mbali, akapiga mbio.

Kuna jambo moja ambalo mfano ule hauligusi: nyumba ya baba ilikuwa bado imesimama.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu, ulilipuka, na moto wake ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na wengine mji mdogo wa Sake. Baada ya siku chache tu walianza kurudi, mawe yakiwa bado ya moto. Mama yangu alirudi na ufunguo wa nyumba, ameufunga kwenye pembe ya kitenge. Alipofika mtaani hakuona mlango wala ukuta, ni jiwe jeusi tu, na mvuke unatoka kwenye nyufa. Parcelle yetu, yaani kiwanja, aliitambua kwa kuhesabu hatua toka kwa jirani ambaye nyumba yake ilipona. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu nalo lilikuwa limeteketea.

Ukimwuliza leo siku ile alirudi wapi, hasemi nyumbani. Anasema, "Nilirudia kwa mama fulani", yule jirani, aliyewalaza watu wengi kwenye chumba kimoja na kupika sombe, majani ya muhogo, kwa sufuria ya kukopa. Baadaye tulijenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lilelile, na ule ufunguo ukatundikwa kwenye msumari.

Mwaka 2021 mlima ulilipuka tena, tarehe 22 Mei. Siku tano baadaye tuliamriwa kuhama, tukaenda Sake, magodoro kichwani, wengine mizigo kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Juni tukarudi. Nyumba ilikuwapo, vumbi tu. Kabla hatujashusha mizigo, yule mama alikuwa tayari uani, akituhesabu kwa kidole.

"Mumerudia wote?"

"Wote, mama."

Akaenda kuchota maji.