Je, wajua? Chupa ya soda ikimiminiwa chai ya moto haiyeyuki

Siku moja hapa Kampala nilimimina chai ya moto kwenye chupa tupu ya soda, ikajikunja palepale, shingo ikainama. Nikasema imeyeyuka, na nikaamini hivyo miaka mingi. Kumbe sivyo. Plastiki ile, PET, huyeyuka kwenye nyuzi kama 250, na chai haifiki hata 100. Ilichofanya ni kulegea: ikipita nyuzi 70 na kitu hivi, minyororo yake mirefu iliyokuwa imekakamaa kama kioo inaanza kusogea, na kwa sababu kiwandani chupa ilivutwa na kupulizwa, inajikunyata. Kwa hiyo joto la kulegea ni moja na la kuyeyuka ni jingine, na kuna plastiki kama polistairini ya kawaida ambayo hulegea tu, haina pa kuyeyuka.

Sasa ukichanganya plastiki mbili? Nilidhani unapiga wastani wa joto lao la kulegea basi. Hapana, inategemea kama zimeingiana kweli, kama sukari kwenye chai, au zimekaa tu pamoja kama mafuta na maji.

Kujua kama zimeingiana, wanatumia kalorimeta, mashine inayopima kitu kinakula joto kiasi gani kikipashwa. Chukulia boda mbili zinapanda Nakasero sambamba, spidi ileile, moja ina abiria na nyingine haina, wewe unapima tu ile ya abiria inakula mafuta kiasi gani zaidi. Ndivyo vikopo viwili vidogo vya aluminiamu vinavyopashwa pamoja, kimoja kina miligramu chache za plastiki, kingine kitupu. Plastiki ikilegea ni kama abiria wa pili amepanda, matumizi yanaongezeka na yanabaki juu, kwenye grafu unaona ngazi. Ikiyeyuka ni kama kupita kwenye tope, matumizi yanaruka halafu yanashuka, unaona kilele.

Polistairini, inayolegea kwenye nyuzi 100 hivi, ikichanganywa na plastiki nyingine iitwayo PPO, inayolegea kwenye 210 hivi, inatoa ngazi moja tu katikati, zimeingiana. Lakini saga jerikeni na kiti cha plastiki, ambavyo ni plastiki mbili tofauti, yeyusha pamoja, kwa macho utaona kitu kimoja, mashine itakuonyesha vilele viwili, karibu na 130 na karibu na 160, na kila kimoja kinabaki pale kilipokuwa, yaani hazijaingiana!

Ila ngazi moja si ushahidi kamili. Kama plastiki zote mbili zinalegea kwenye joto linalokaribiana, ngazi zao zinaungana hata kama hazijaingiana. Ukipasha haraka zaidi, ngazi inasogea juu, ndiyo maana watu wengi hutumia nyuzi 10 kwa dakika, na hupasha mara mbili kwa sababu ile ya kwanza bado inabeba athari za jinsi plastiki ilivyotengenezwa kiwandani.