Kupinga uamuzi wa mafao ya ulemavu: maana yake kwa anayeishi na ugonjwa wa akili

Kupinga uamuzi wa mafao ni kutaka uamuzi uliokunyima, kukupunguzia au kukukatia msaada uangaliwe upya, ama na ofisi ileile iliyouamua, ama na mamlaka iliyo juu yake. Kuangaliwa upya na ofisi ileile ni mapitio. Kupanda ngazi ni rufaa. Malalamiko ni jambo jingine. Ukisema ofisa alikujibu vibaya, au faili lako limekaa miezi bila kuguswa, unalalamikia huduma, na uamuzi wenyewe unabaki palepale. Mtu anaweza kuandika malalamiko marefu, akarudi zake Nanyumbu kusubiri majibu, kumbe muda wa rufaa unampita.

Haki hii imo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Hapo kwenye chombo kingine ndipo pa kushika. Jopo la madaktari linalopima mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii linaamua haki ya mtu, hata kama hakuna hakimu aliyekaa pale. Ibara ya 11 nayo inataja msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, lakini usiibebe peke yake kwenda mahakamani: Ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuamua kesi juu ya malengo ya sehemu ya Katiba ilimo Ibara hiyo ya 11. Unachoweza kupinga ni uamuzi uliotolewa chini ya sheria au mpango uliopo tayari.

Na vilivyopo ni vichache. Tanzania Bara haina posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu anaishi na ugonjwa wa akili. Mlinzi wa kampuni mjini Mtwara au mwalimu wa shule binafsi Lindi anaangalia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtumishi wa umma anaangalia PSSSF, mfuko uliotokana na kuunganishwa kwa mifuko ya watumishi mwaka 2018. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake ana WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mkulima wa korosho wa Tandahimba au mvuvi wa Kilwa Kivinje ambaye hajawahi kuchangia mfuko wowote anabaki na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na huko kaya huingia kwa umaskini wake, si kwa ugonjwa wa mtu mmoja. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mkopo. Unarudishwa. Nashangaa kila inapotajwa jukwaani kana kwamba ni fao.

Kwa NSSF, pensheni ya ulemavu humwangukia mwanachama aliyepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, kwa sababu ya mwili au ya akili. Awe amechangia miezi 180, au kama hajafika hapo, angalau miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ile iliyotangulia ulemavu. Sharti hili la mwisho ndilo linalomwumiza mgonjwa wa akili. Sonona (huzuni nzito isiyoisha) au skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo) haigongi kama pikipiki barabarani, kwa siku inayojulikana. Mtu huanza kuchelewa kazini, kisha kugombana, kisha kutoonekana, anaachishwa, anakaa nyumbani mwaka au zaidi, na ndipo ndugu wanampeleka hospitali. Ukiweka tarehe ya ulemavu kuwa siku alipopewa jina la ugonjwa, michango yake ilishakatika zamani. Ukionyesha kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaanza, hesabu inabadilika. Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya ukubwa wa ugonjwa, tazama ofisi imeandika ulianza lini.

Nani basi ni mtu mwenye ulemavu? Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haiishii kwenye viungo. Inautazama ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi, na kukosa fimbo au kiti cha magurudumu hakumwondoi mtu kwenye hesabu. Kinachopimwa ni kile ambacho mtu hawezi kukifanya, au anakifanya kwa shida kiasi gani, na kwa msaada wa nani.

Hapo ndipo kesi hizi hupotea. Mwenye mguu mbovu huingia kwenye chumba cha jopo na mguu wake. Mwenye ugonjwa wa akili huja siku ambayo ameweza kuja, na kwa kawaida hiyo ndiyo siku yake nzuri. Dada yake amemwamsha alfajiri, amemchemshia maji ya kuoga, amempigia shati pasi, amempandisha gari na kumshikia karatasi njia nzima. Jopo linamwuliza jina, anataja. Linamwuliza leo siku gani, anajibu. “Mbona mzima huyu, mama?” linamwuliza dada. Aliyembeba hadi pale hahesabiwi popote.

Kalenda ya korosho nayo inaweza kudanganya. Fikiria kijana wa Newala mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, katikati ya mwaka, hali imepanda: hafumbi jicho, anafanya kazi ya watu watatu, anakopa fedha na kuahidi mambo makubwa. Kufika Oktoba watu wanaokota korosho, yeye amelala ndani, hali chakula wala hajibu salamu. Mpimaji aliyekuja Julai ataandika kwamba ni mchapakazi. Aliyekuja Oktoba atasikia kwa majirani kwamba ni mvivu. Hakuna kati yao aliyeuona ugonjwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni huko kupanda na kushuka kwa mwaka mzima.

Barua ya kupinga inatakiwa iujibu uamuzi, si kusimulia mateso yote tangu utotoni. Kwa hiyo kwanza pata sababu kwa maandishi. Neno la dirishani, “wamekukatalia, mzee”, halina pa kushikia. Omba barua yenye tarehe, sababu ya kukataliwa, na muda wa mwisho wa kupinga. Kama imeandikwa kwamba anaweza kufanya kazi, jibu hapo. Kama ni kwamba ugonjwa unatibika, onyesha dawa alizotumia, kwa muda gani, na kilichobaki baada ya dawa. Kama ni upungufu wa vielelezo, usibishane, leta vielelezo.

Kuandika “mwanangu ana skizofrenia na anateseka sana” ni kweli, na hakumsaidii. Linganisha na hili: “Alikuwa mlinzi wa usiku. Aliacha lindo mara nne akikimbia sauti anazozisikia, na mwajiri alimwachisha kwa barua iliyoambatishwa. Kwa sasa hawezi kutunza fedha, hawezi kusafiri peke yake, na dawa anapewa mkononi na shangazi yake kila jioni.” Mtu anayesoma faili sasa ana kitu cha kupima dhidi ya zile theluthi mbili.

Uwe unatibiwa hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, daktari au muuguzi wa afya ya akili ana kadi yako, na humo mna tarehe za kuhudhuria, sindano za mwezi, na kulazwa. Mwombe aandike kuhusu uwezo wa kufanya kazi na kujitunza, si jina la ugonjwa tu. Kama uliwahi kupelekwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, karatasi ya kuruhusiwa ina uzito. Itafute hata kama imekunjamana chini ya godoro. Halafu kuna daftari la nyumbani. Anayeishi na mgonjwa aandike kila siku mistari miwili: amelala saa ngapi, amekula, ametoka, amempiga mtu, amepotea. Miezi miwili ya daftari la namna hiyo humweleza mtu kuliko dakika kumi za kupimwa. Mwenyekiti wa kijiji, mwalimu, imamu au padri anaweza kuandika alichokiona kwa macho yake.

Kuna jambo ambalo familia huficha. Mgonjwa alikaa kwa mganga miezi kadhaa, wakisema ni majini au amerogwa. Wakifika ofisini wanaona aibu kulisema, na kadi ya hospitali inabaki na pengo ambalo msomaji wa faili atalitafsiri kwamba alikuwa amepona. Semeni tu. Muda aliokaa kwa mganga ni sehemu ya historia ya ugonjwa, na anayemjua mgonjwa wakati huo ni shahidi.

Ngazi za kupanda hutofautiana. Kwa mfuko wa pensheni, anza na barua kwa meneja wa mkoa, iombe mapitio, na ukihitaji, upimaji mpya. Kwa WCF, mapitio huombwa kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha rufaa huenda kwa waziri mwenye dhamana ya kazi, na baadaye mahakama ya kazi. Kwa TASAF, anza kwenye kamati ya usimamizi ya jamii kijijini, kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri. Orodha ya kaya hupitia mkutano wa hadhara wa kijiji, na hapa nina neno: mkutano wa hadhara si mahali rahisi pa kusema mwanao ana ugonjwa wa akili. Afisa ustawi wa jamii anaweza kulipeleka jambo hilo kwa mratibu kwa faragha, na ni kazi yake. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina tawi Lindi. Haiamui rufaa ya fao, ila inachunguza ofisi isiyofuata taratibu.

Utaratibu wote huu umejengwa kwa mtu anayeweza kukumbuka tarehe, kupanga foleni na kuvumilia kuambiwa njoo kesho. Ugonjwa wa akili huvipiga vitu hivyo hivyo. Usimwachie mgonjwa peke yake. Akiwa na utulivu, aandike na kusaini barua ya kumruhusu ndugu afuatilie kwa niaba yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bila malipo kuandaa barua za namna hii. Afisa ustawi wa halmashauri anawafahamu. Hali ikiwa mbaya kiasi kwamba mgonjwa hawezi kusimamia mali yake kabisa, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi. Hilo lisiwe la haraka, maana linamwondolea mtu sauti katika mambo yake, na si ndugu wote wenye nia njema.

Wanaopinga hushinda wakati mwingine hata dhidi ya kanuni yenyewe. Uingereza wana fao la ulemavu liitwalo PIP, lililoanza 2013. Mwaka 2017 serikali ilibadili kanuni ili mtu anayeshindwa kusafiri kwa sababu ya dhiki ya akili apate alama chache kuliko anayeshindwa kwa sababu nyingine. Mwanamke mmoja alikwenda mahakamani, na Desemba 2017 Mahakama Kuu ilisema kanuni hiyo inabagua. Januari 2018 serikali ikatangaza kwamba haitakata rufaa. Sheria yao haitufungi sisi wa Kusini mwa Tanzania, lakini hoja inaeleweka hata Nachingwea: kama mtu hawezi kutoka nyumbani, kutoka kwake kumezuiwa, iwe ni goti au hofu iliyomzuia.

Wapo watakaokushauri mgonjwa aache dawa wiki chache ili siku ya kupimwa aonekane anaumwa. Usikubali. Anaweza kujidhuru, au akarudi kwenye hali ambayo ilichukua mwaka kumtoa. Na kwenye faili, kadi inayoonyesha kwamba hakuhudhuria kliniki humpa mpimaji sababu ya kuandika kwamba mgonjwa hataki kutibiwa. Anayemeza dawa zake zote na bado hawezi kazi ana hoja nzito kuliko aliyeacha.

Kama hali imebadilika baada ya uamuzi, kwa mfano alikataliwa Machi na akalazwa Juni, rufaa pekee inaweza isifae, kwa kuwa inauliza kama uamuzi wa Machi ulikuwa sahihi kwa yaliyokuwepo Machi. Hapo muulize ofisa kama unaweza kuleta ombi jipya lenye karatasi za Juni, na rufaa ya lile la kwanza iendelee.